Chupa Kumi na Mbili za Wakwe

Libère Nduwimana alijaliwa mdomo. Katika Warundi wote wa Durban, kuanzia Pinetown mpaka Isipingo, posa haikuhesabiwa kuwa posa kama Libère hakusimama akasema. Alikuwa na methali za kuanzia, methali za kumalizia, na nyingine za akiba endapo upande wa pili ungeleta ubishi. Mwaka mmoja alizungumza dakika arobaini na tano juu ya kreti moja ya bia, na watu wakampigia makofi, ingawa alipomaliza bia yenyewe ilikuwa imeshapata joto.

Sasa mtu wa namna hiyo mnyamazishe siku ya posa ya Iteka, binti yake mwenyewe, uone.

Ndivyo desturi inavyotaka. Baba wa binti hasemi. Anakaa kwenye kiti chake na suti yake, mikono juu ya magoti, na msemaji aliyechaguliwa ndiye anayepokea wageni, anayeuliza, anayekubali au kukataa. Mganga hajigangi. Na kwa kuwa hapakuwa na mwingine anayekaribia kimo cha Libère, kazi hiyo ilimwangukia Onesphore, kinyozi wa Pinetown, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akimsikiliza Libère kwenye sherehe za watu huku akijisemea moyoni kwamba yeye angesema vizuri zaidi.

"Baba Iteka," Onesphore alimwambia wiki moja kabla, huku akimnyoa, "siku ile weye ni kukaa kimya tu. Hata kama nyumba inaungua, mimi ndiye nasema moto."

"Sharp," Libère akakubali kwa lugha ya mitaa ya Durban. Wembe ulikuwa shingoni, angesema nini tena?

Siku za kazi Libère alikuwa Mobeni, mtaa wa viwanda, kwenye ghala la kampuni inayoingiza vyakula na vinywaji kutoka ng'ambo. Alianza kwa kubeba maboksi kichwani na mabegani; miaka kumi na minne baadaye yeye ndiye anayefungua makontena na kukagua kilichomo. Jibini, zeituni, tambi za Waitaliano, na mvinyo wa kila nchi inayojua kupanda mzabibu. Kuhusu mvinyo alikuwa na msimamo mmoja: wazungu na wanywe, yeye apitwe. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa pombe ya ndizi kule Ngozi, Burundi, na Libère alikulia kando ya hori la kukamulia ndizi. Alijua kwamba pombe ya ndizi ina siku zake. Kuna siku ni tamu, kuna siku ni kali, na ikishaanza uchachu mgeni hapewi. Ukimpa mgeni pombe chachu umemwambia, bila kufungua kinywa, kwamba njia aliyojia ndiyo atakayorudia.

Basi siku moja boksi likateleza kwenye foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo. Chupa nyingi zikavunjika, mbili zikapona, lakini lebo zikalowa zisifae kuuzwa, na msimamizi akampa Libère moja. Aliipokea kwa adabu tu. Ilikuwa chupa ya kijani, ndefu na nyembamba, mvinyo mweupe wa Ujerumani unaotokana na zabibu ziitwazo Riesling. Msimamizi alimweleza kwamba huo ni ule mkavu: sukari ya zabibu karibu yote imeliwa na hamira, hakikubaki kitu cha kuubembeleza ulimi. Libère aliionja jikoni kwake, akakunja uso, akaisogeza mbali.

"Mama Iteka, hii imekufa. Imekuwa siki."

"Usimwage," akasema mkewe, Gracieuse, mwanamke asiyetupa hata maji ya kuoshea mchele. "Nitalowekea nyama." Akaiweka kwenye friji, nyuma ya maziwa.

Jumapili ile palikuwa na nguruwe wa kukaanga, ngozi imekauka inalia mdomoni, kakamuliwa limao, kanyunyiziwa chumvi na pilipili, kando vitunguu vibichi na ndizi za kuchoma. Soda ilikuwa imekwisha. Libère, midomo ikimetameta mafuta, alifungua friji kutafuta chochote cha kuteremshia, akamimina ile siki baridi na kupiga funda moja akijiandaa kuumia.

Hakuumia. Mafuta ya nguruwe yaliondoka ulimini safi kabisa, ulimi ukabaki unataka tena. Limao la kwenye nyama likamkuta ndugu yake kwenye glasi. Nyuma ya uchachu kukajitokeza tufaha bichi, halafu kitu kama harufu ya barabara ya vumbi mvua inapoanza. Akatafuna tena, akanywa tena. Ilikuwa kweli.

"Gracieuse!" akaita, yeye ambaye kwa miaka ishirini na tano humwita Mama Iteka. "Njo uonje! Lakini usionje bila nyama!"

Kuanzia hapo nyumba haikupumzika. Kila chupa iliyochubuka lebo pale ghalani ilikuwa na mwenyewe, na kila Jumapili chakula kilikuwa mtihani. Ndagala, yaani dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, waliokaangwa na kitunguu mpaka wakawa wanavunjika: mvinyo uliwapenda, chumvi yao ikaufanya uwe mpole. Sambusa za jirani yao Mhindi: vizuri mno. Samaki wa mchuzi wa ukwaju, upikwao Durban peke yake: hapo Libère alifumba macho. Parachichi na chumvi, hata hilo. Lakini mishikaki ya ng'ombe iliumeza mvinyo wote usionekane, na mkate ule wa Durban unaochimbwa katikati na kujazwa mchuzi wa kondoo ulikuwa na pilipili nyingi kiasi kwamba kila funda liliongeza kuni motoni. Vibaya kuliko vyote ilikuwa keki. Mbele ya sukari mvinyo uligeuka maji ya ndimu, na Libère akaomba radhi kwa wote wawili, keki na mvinyo.

"Kinywaji hiki ni nusu," alikuwa akiwahubiria watu wa nyumbani, kijiko hewani. "Nusu ingine iko kwenye sahani. Ukikinywa peke yake unakionea."

Mhubiri huwa na msikilizaji mmoja anayeshika neno, na katika nyumba ile alikuwa binti yao Iteka. Siku mchumba wake Travis alipomuuliza, "Sasa Iteka, babako anapenda nini? Sitaki tukuje na kitu cha kumwaibisha," Iteka alimjibu bila kufikiri mara mbili: baba anapenda ule mvinyo wa Kijerumani wa chupa ndefu, mkavu, asije akakosea akachukua mtamu.

Travis alikuwa Mkenya, mtoto wa Daktari Lawrence, mhadhiri wa uhandisi, na mkewe Bilha, mwalimu wa hesabu. Alikuwa amepata kazi Eldoret na alitakiwa kuondoka baada ya miezi miwili, na nia yake ilikuwa aondoke na mke. Wazazi wake walikuwa watu wa kanisa ambao pombe hawajawahi hata kuinusa kwa makusudi. Lakini waliambiwa kwamba kwa Warundi huendi posani mikono mitupu, na Daktari Lawrence akasema, kama ni kumheshimu mtu, basi aheshimiwe kwa kile anachokipenda. Kreti za bia akaona ni mambo ya kila mtu. Akanunua chupa kumi na mbili za mvinyo ule, na soda za watoto.

Kosa lilikuwa jema kabisa, ndiyo maana lilikuwa baya. Hakuna aliyewaambia kwamba kinywaji cha posa si cha baba. Ni cha msemaji. Yeye ndiye anayekionja, amesimama, mbele ya watu wote. Na chakula hakionekani mpaka jibu litoke, kwa kuwa mbele ya wakwe ambao bado hamjapatana hakiliwi kitu. Kinywaji ndicho barua. Ikikataliwa barua, ombi linarudi nayo, na adabu inataka mwaka upite kabla ya kubisha hodi tena.

Jumamosi ile ukumbi wa kanisa kule Isipingo ulijaa. Warundi upande huu, Wakenya upande ule, uwanja mtupu katikati. Jikoni nyuma kulikuwa na masufuria ya kutosha kulisha treni: nguruwe, ndagala, sambusa, wali, maharage, vyote vimefunikwa, mlango umefungwa, harufu peke yake ikitembea ukumbini bila ruhusa. Katika chumba cha pembeni Iteka alikuwa anangoja na shangazi zake, amevaa imvutano, vazi la mabinti wa kwao, asijue cha kufanya na mikono yake.

Vijana wa Kikenya wakaingiza kapu kubwa la barafu. Libère aliona shingo za kijani zimejipanga, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Wamenitafutia changu! Watu hawa ni watu! Furaha hiyo ilidumu kwa muda wa kupumua mara moja. Kisha akamtazama Onesphore aliyesimama kwa madaha na suti ya kijivu, tumbo tupu, mdomo mtupu, akakumbuka funda lake mwenyewe la kwanza, lile la bila nyama.

"Wazee wetu," Daktari Lawrence akaanza, akisoma kwenye karatasi, "sisi hatuna maneno mengi. Tumeona ua hapa kwenu na tunaliomba. Na tumewaletea kinywaji kwa heshima yenu. Mimi mwenyewe sijawahi kukionja, lakini nimeambiwa ni kizuri sana."

Upande wa Warundi ukaguna. Kwao anayeleta kinywaji hukionja kwanza, mgeni aone kwamba hakina baya. Huyu anatangaza kwamba hajui alicholeta! Gracieuse, aliyekuwa amechungulia kutoka jikoni, alishika kichwa.

Onesphore akapokea glasi. Akaiinua kwenye mwanga, akazungusha, akijua anatazamwa. Akanywa funda kubwa la mtu anayetarajia jema.

Uso wake ulikunjana kuanzia kidevuni mpaka kwenye paji. Alimeza kwa ushujaa, akaiweka glasi chini taratibu, akajifuta midomo. Ukumbi mzima ulikuwa umeona.

"Bakwe," akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena, "kwetu, kinywaji kinatangulia kusema mbele ya mutu. Hiki kimesema, na kimesema vibaya. Iko chachu. Kama imeharibika dukani, mutuambie, tutaelewa, ni bahati mubaya. Lakini kama ndiyo hivi mulichagua..."

"Haijaharibika, mzee," Travis akadakia. Maskini, alidhani anasaidia. "Ndiyo hiyo tulichagua. Tulihakikisha."

Bilha alimshika mwanawe mkono. Daktari Lawrence alikuwa anaitazama karatasi yake, na kwenye karatasi hapakuwa na sentensi ya jambo hili. Libère alifungua mdomo.

"Baba Iteka." Onesphore hakugeuka hata kumtazama, aliinua kidole tu. Na alikuwa na haki. Baba akisema, imekuwa yeye ndiye anayemuuza binti yake, na posa imekufa kwa njia ya pili.

Maneno yalimjaa Libère kifuani mpaka tai ikambana. Aliyekuwa amewasemea mabinti wa watu ishirini na zaidi, leo angetazama posa ya binti yake ikirudishwa pamoja na chupa za kijani, na kosa likiwa la mdomo wake mwenyewe, uliohubiri Jumapili nyingi mno! Hasira ilimpanda, kwanza kwa Onesphore, kisha kwa desturi, kisha ikatulia mahali pake, kwake mwenyewe. Akamtazama Onesphore akivuta pumzi ya kutoa hukumu.

Libère akasimama.

Watu wakadhani anaondoka, na wengine wakasema "Yoo!" Hakuondoka. Alivuka uwanja mtupu, akafungua mlango wa jikoni, akaingia. Baba wa bibi harusi, na suti, jikoni, siku ya posa! Wanawake wakaruka kama wamemwagiwa maji.

"Baba Iteka, umepata wazimu?" Gracieuse akauliza.

Hakujibu; hata huko jikoni aliogopa kuvunja mwiko. Alionyesha masufuria kwa kidole, kisha akafanya kama mtu anayekunywa. Gracieuse alimtazama mara moja, macho yakamtoka. "Mungu wangu. Divai yako!" Na hapo hapo mikono yake ikaanza kazi: nguruwe, limao juu yake, ndagala wachache, sambusa mbili, chumvi kidogo.

Libère akatoka na sahani ameishika kwa mikono miwili. Akaiweka mbele ya Onesphore. Akachukua chupa nyingine kwenye barafu, akaifungua, akamimina glasi mpya. Kisha akabaki amesimama hapo hapo, kimya, anamtazama rafiki yake usoni.

Onesphore alijikuta amebanwa na desturi mbili, kila mkono moja. Kula mbele ya wakwe wasiokubaliwa ni aibu. Kukataa chakula alichokuletea mwenye nyumba kwa mikono yake mwenyewe ni tusi. Na harufu nayo, tuseme ukweli, ilikuwa imemsumbua tangu saa nane. Akachukua kipande kimoja cha nguruwe, kidogo tu, cha adabu. Akatafuna. Libère akaisogeza glasi kwa kidole kimoja.

Onesphore akanywa.

Safari hii uso haukukunjana. Ulisimama. Alitazama glasi, akatazama sahani, akachukua kipande kingine, na hiki hakikuwa cha adabu. Akanywa. Akavunja sambusa.

"Msemaji, tunangoja," mtu mmoja akaita kutoka nyuma.

Onesphore akainua mkono: subirini. Akala ndagala wawili, watatu. Kicheko kikaanzia kwa wanawake waliosimama mlangoni, kikapita viti vya nyuma, kikavuka uwanja mpaka kwa Wakenya, ambao hawakujua wanacheka nini lakini walikuwa na haja kubwa ya kucheka.

"Eish," akasema Onesphore hatimaye, mdomo umejaa. Akameza, akajinyoosha, na hapo, lazima akiri hata asiyempenda, kinyozi yule alisema maneno mazuri kuliko yote ya maisha yake. "Ndugu zangu, nilisema kinywaji hiki kinasema vibaya. Nilikosea. Kilikuwa kinasema nusu, mimi nikakikata kauli. Kilikuwa kinauliza: chakula kiko wapi? Bakwe wengine banatuletea kinywaji cha kulewa, kila mutu kivyake. Hawa wametuletea kinywaji kinakataa kunyweka mpaka tukule pamoja nao. Sasa mimi nani nikatae? Fungueni jiko!"

Vigelegele vilipasua bati. Sahani zikatoka kabla ya jibu, jambo ambalo halijawahi kuonekana, na wazee waliokuwa tayari kulalamika walilalamika wakitafuna. Daktari Lawrence alikula nguruwe na soda ya chungwa, machozi ya ahueni yakimdondoka, akimwambia kila mtu, "Kumbe! Kumbe ni chakula!" Libère alizunguka na chupa meza hadi meza, bado hasemi, akiwazuia kwa ishara wale waliotaka kuunywa na wali mtupu.

Lilibaki jambo moja. Iteka akaitwa.

Aliingia taratibu na shangazi zake, na ukumbi ukatulia. Hapa desturi haina kona ya kupenya: binti hupewa glasi ya kinywaji cha wakwe. Akinywa, ametaka. Akiirudisha, hakuna msemaji wala baba anayeweza kumsemea. Gracieuse akakimbilia na kipande cha nyama kwenye uma.

"Hapana, Mama Iteka," Onesphore akasema kwa upole. "Binti anakunywa kinywaji peke yake. Hiyo siwezi kugeuza."

Libère akaiweka chupa mezani. Jumapili zote zile Iteka hakuwahi kupita funda moja la mvinyo ule. Alikuwa akisema unamuuma meno, akarudia juisi yake. Sasa alishika glasi iliyojaa mpaka juu, kwa kuwa Onesphore alikuwa na mkono mkarimu. Alimtazama Travis upande wa pili. Akanywa.

Funda la kwanza lilimkunja uso mzima, na ukumbi ukaangua kicheko. Hakuiweka chini. Funda la pili likamtoa machozi. La tatu, la nne, macho ameyafumba, hana nyama, hana limao, hana chumvi. Kicheko kikafifia chenyewe, watu wakawa wanatazama tu. Aliendelea mpaka glasi ikawa tupu, akampa Onesphore, na kelele iliyofuata ilisikika mpaka kwenye stendi ya taksi.

Kisha akaja kupiga magoti mbele ya baba yake kuomba baraka. Macho yake yalikuwa bado mekundu.

"Papa," akanong'ona, "iko chachu sana."

"Najua, mwanangu." Ndiyo maneno ya kwanza aliyotoa tangu asubuhi. "Kwa nini umeimaliza yote?"

Iteka alimshangaa. "Wameleta bo, wao wenyewe, Papa. Ningeibakiza namna gani?"

Libère aliweka mikono juu ya kichwa cha bintiye. Alikuwa ameandaa baraka ndefu, yenye mababu na milima na mito miwili. Aliitafuta yote asiione, akalia mbele ya watu, akicheka.